Trauti wa Milima ya Kusini: Ukweli Usiouzwa Pamoja na Safari



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa dogo, tena la anasa: uvuvi wa samaki aitwaye trauti katika mito ya milima ya kusini mwa Marekani, yaani Milima ya Appalachia inayopita katika majimbo ya Tennessee, North Carolina na Georgia. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mmehamia majimbo hayo kutoka Kivu, Burundi, Kenya na Tanzania. Mmelelewa kando ya Ziwa Tanganyika au Ziwa Viktoria, mahali ambapo samaki ni kitoweo, ni ada ya shule, ni mahari. Sasa mnapita kando ya mito ya huko na kumwona mtu amesimama majini, amevaa suruali ya mpira ifikayo kifuani, anarusha mshipi mwembamba wenye ndoana iliyofungwa manyoya ili ifanane na nzi. Anampata samaki, anapigwa picha, kisha anamwachia aende zake. Pembeni yake yupo mwongozaji aliyemkodi kwa mamia ya dola kwa siku moja. Mnatuuliza: je, huu ni wazimu, au kuna hekima ndani yake ambayo sisi hatujaiona?

Jibu letu la kwanza ni kwamba si wazimu, wala uvuvi huo si dhambi. Mtu anayeisimamisha shughuli yake siku moja, akatazama maji na kunyamaza, amefanya jambo jema kuliko wengi wetu. Jibu letu la pili ni refu zaidi, na halitawafurahisha wote. Biashara ya kuwaongoza wageni mitoni humo imezoea kusimama juu ya maneno matatu yasiyo ya kweli. La kwanza, kwamba mito hiyo ni ya asili na haijaguswa. La pili, kwamba anayemrudisha samaki majini ni mwema kuliko anayempeleka jikoni. La tatu, kwamba mto ni wa yule mwenye uwezo wa kulipa. Maneno hayo yanaumiza mto, na yanamuumiza maskini. Kwa hiyo hatuna budi kuyapinga, moja baada ya jingine.

Kwanza, juu ya mito isiyoguswa.

Trauti aliye mwenyeji wa vijito hivyo ni mmoja tu. Ni yule mdogo mwenye madoadoa mekundu na mapezi yenye ukingo mweupe, ambaye Wamarekani humwita trauti wa vijito. Wengine wawili, trauti wa upinde wa mvua na trauti wa kahawia, ni wageni. Yule wa upinde wa mvua asili yake ni pwani ya Bahari ya Pasifiki, mbali upande wa magharibi. Yule wa kahawia alitoka Ulaya. Hao wawili ndio ambao mgeni wa kulipia huwapata mara nyingi zaidi na kupiga nao picha, akidhani ameigusa Marekani ya kale.

Walifikaje? Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni za mbao ziliingia katika milima hiyo na misumeno na reli. Katika bonde la Mto Little, Tennessee, kampuni moja iliyoanzishwa mwaka 1901 ilikata miti kwa takribani miongo minne. Mahali pengine walijenga mabwawa ya muda ya magogo, wakakusanya maji nyuma yake, kisha wakayafungulia kwa ghafla ili yasukume mbao hadi bondeni. Mto uliopitiwa na gharika ya namna hiyo ulibaki umekwanguliwa kama sufuria. Kivuli kikaondoka, maji yakapata joto, tope likafunika changarawe ambamo samaki hutaga. Trauti mwenyeji hawezi kuishi katika maji ya vuguvugu. Basi akafa, au akapanda juu kabisa, nyuma ya maporomoko ya maji. Palipobaki wazi watu wakamwaga wale wageni, maana wa upinde wa mvua huvumilia joto kidogo zaidi. Msitu ulipoota tena na maji yakapoa, mwenyeji hakuweza kurudi, kwa sababu kiti chake kilikuwa kimekwisha kukaliwa. Katika eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, trauti wa vijito alipoteza karibu robo tatu ya makao yake. Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa samaki huyu mgeni alikuja, na mwenyeji akafukuzwa.

Na mito mikubwa je, ile ya kushuka kwa mashua, ambayo waongozaji huisifu kuliko yote? Mto Clinch chini ya Bwawa la Norris, lililokamilika mwaka 1936. Mto Watauga chini ya bwawa la mwaka 1948. Mto South Holston chini ya bwawa la mwaka 1950. Hiyo yote ilikuwa mito ya maji ya vuguvugu, yenye samaki wa aina nyingine na kome wengi. Serikali ilipojenga kuta za mabwawa kwa ajili ya umeme na kuzuia mafuriko, maji yakaanza kutoka chini kabisa, kwenye kina ambako jua halifiki, yakiwa baridi kama ya milimani. Kome na samaki wa zamani hawakuyaweza. Trauti wakaletwa, wakanenepa. Mji wa Butler, Tennessee, uko chini ya maji ya Bwawa la Watauga. Wakazi wake walihamishwa, na nyumba nyingi zikabebwa hadi mahali pa juu. Mgeni anayeelea kwa raha chini ya ukuta huo, akisifu uzuri wa asili, anaelea juu ya kazi ya saruji na juu ya machozi ya watu waliohamishwa.

Tusisahau pia waliofukuzwa kabla yao. Mwaka 1838 jeshi la Marekani liliwaondoa kwa nguvu Wacherokee katika nchi hiyo ya milima na kuwapeleka magharibi, na maelfu yao wakafa katika safari hiyo. Waliosalia milimani ni mababu wa Wacherokee wa Mashariki, ambao leo wanatunza mito yao wenyewe upande wa North Carolina, wana kituo chao cha kutotolea samaki, na hutoa vibali vyao wenyewe vya uvuvi. Hao wana haki ya kutuambia nini maana ya kuguswa na kutoguswa.

Sisi wa Afrika Mashariki tusicheke kana kwamba jambo hili halituhusu. Vijito vya Aberdare na Mlima Kenya havikuwa na trauti hata mmoja mpaka walowezi wa Kiingereza walipowaleta. Wale wa Mto Gura waliwekwa mwaka 1905, kwa mbegu iliyotoka Uskoti. Leo wapo watu wa Nyeri wanaodhani samaki huyo ameumbwa pamoja na mlima. Uwongo ukikaa sana hupata uraia.

Hatusemi kwamba wageni hao wauawe wote, wala kwamba mabwawa yavunjwe. Tunasema tu kwamba mwongozaji anayechukua fedha ya mtu na kumwambia kwamba hii ni nyika ya mwanzo, amemuuzia kitu ambacho hana. Angemwambia ukweli, safari ingekuwa na thamani zaidi, maana mgeni angeelewa kwamba mto ni kitu kinachoweza kuharibiwa na pia kuponywa.

Na uponyaji upo. Hifadhi ya Great Smoky ilikwisha kuacha kumwaga samaki wa vituoni kufikia mwaka 1975. Tangu hapo wataalamu wamechagua vijito vyenye maporomoko ambayo samaki hawezi kuyapanda, wakawaondoa wageni walio juu ya maporomoko, wakati mwingine kwa dawa ya kuua samaki, kisha wakawarudisha wenyeji waliochukuliwa katika vijito vya jirani. Kijito cha Lynn Camp Prong, upande wa Tennessee, kilifanyiwa kazi hiyo kuanzia mwaka 2008, na mwaka 2015 kikafunguliwa tena kwa wavuvi. Ni kazi ya miaka saba kwa ajili ya samaki asiyezidi sana urefu wa kiganja. Hayo ndiyo ya kumsimulia mgeni mashuani.

Pili, juu ya wema wa kurudisha.

Hapa ndipo moyo wetu unapochomwa zaidi. Kati ya wavuvi wa kukodi waongozaji imezuka dharau, mara nyingine ya wazi, mara nyingi ya kimya, dhidi ya mtu anayekuja mtoni na ndoo. Huyo huonekana mchoyo, mshamba, adui wa mto. Na kwa kuwa mara nyingi mtu wa ndoo ni mwenyeji maskini wa milima, au Mlatino, au Mwafrika aliyehamia majuzi, dharau hiyo hupata rangi nyingine ambayo hatuna haja ya kuitaja.

Tutazame basi mambo yalivyo. Katika North Carolina serikali imeigawa mito ya trauti katika mafungu, na vibao vimepigiliwa kando ya maji ili kila mtu ajue. Lipo fungu la mito inayotegemea samaki wa kumwagwa. Hapo mtu mwenye leseni aruhusiwa kuchukua samaki 7 kwa siku. Lipo fungu la mito ya trauti waliozaliwa humo humo, ambapo kikomo ni 4. Na lipo fungu la mavuno ya kuchelewesha: kuanzia Oktoba mosi mpaka mwanzoni mwa Juni samaki wote hurudishwa, kisha mavuno hufunguliwa. Kwa nini hufunguliwa? Kwa sababu mengi ya maji hayo hupata joto wakati wa kiangazi, na wengi wa samaki waliomwagwa hawatafika msimu wa baridi.

Basi tuulize kwa uwazi. Samaki aliyetotolewa kituoni, akalishwa vidonge vya chakula, akaletwa kwa lori na kumwagwa mtoni, ambaye joto la Julai litamuua, je, ni uovu gani mama mwenye watoto watano kumkaanga mwezi Juni? Na ni utakatifu gani kumkamata mara kumi kwa ndoana, kumwinua hewani mara kumi kwa ajili ya picha, na kumwachia afe peke yake? Kumla samaki wa namna hiyo kwa kufuata sheria si kosa. Kumrudisha si fadhila ya kujivunia.

Labda mtu atasema: lakini ni wale wenyeji, trauti wa vijito, tunaowalinda. Vema. Hifadhi ya Great Smoky iliwafungia wavuvi trauti hao kuanzia miaka ya 1970. Mwaka 2006 ilifungua tena, baada ya uchunguzi wa miaka kadhaa kuonyesha kwamba uvuvi wa ndoana wenye kikomo haukupunguza idadi yao. Humo hata leo mtu aruhusiwa kuchukua trauti 5 kwa siku, wenyeji wakiwemo, mradi wawe wametimiza inchi 7. Aliyemfukuza mwenyeji kutoka robo tatu ya nyumba yake hakuwa mtu wa kikaango. Alikuwa msumeno, na baada ya msumeno alikuwa yule aliyetaka samaki wakubwa wa kuchezea.

Hatukatai kwamba kurudisha kuna mahali pake. Katika mto unaovuliwa na maelfu ya watu, kama kila mmoja angechukua chake, wa kesho asingepata. Tena ndoana ya nzi bandia kwa kawaida hukamata mdomoni, na samaki akiachwa ndani ya maji, asishikwe kwa mikono mikavu wala kunyongwa na picha ndefu, mara nyingi huishi. Tofauti na chambo kinachomezwa hadi tumboni. Mwongozaji mwema hubana jino la ndoana yake ili itoke bila kurarua. Pia hubeba kipimajoto. Maji yakikaribia nyuzi 20 za Selsiasi, samaki huyu hupumua kwa shida, na kumpigisha vita wakati huo ni kumuua polepole hata kama ataondoka akiogelea. Kwa hiyo kipimo cha wema si kurudisha wala kuchukua. Mwenye kurudisha samaki ishirini katika maji ya moto huenda ameua kuliko mama yetu mwenye saba zake ndooni.

Tatu, juu ya mto wa mwenye fedha.

Katika jimbo la Georgia sheria humpa mwenye ardhi iliyo kando ya kijito kisichopitika kwa vyombo haki ya peke yake ya kuvua hapo. Kwa sababu hiyo, katika mito kama Soque, kaskazini mwa jimbo hilo, zipo sehemu zilizofungwa kabisa, ambazo mtu huingia kwa kulipa tu. Humo hufugwa trauti wakubwa mno kwa kulishwa vidonge, na mgeni hutoka na picha ya samaki wa maisha yake yote. Tunaomba tuseme bila kuuma maneno: huo si uvuvi wa mto. Ni zizi lenye maji yanayotiririka. Anayeupenda aende, fedha ni yake. Lakini asituambie kwamba ameshindana na nyika akashinda.

Jambo zito ni lile linalofuata. Kila kipande cha mto kinachofungiwa wanaolipa huwasukuma wengine wote katika vipande vichache vilivyobaki. Na hao wakijazana huko, wenye kulipa huwanyooshea kidole wakisema, tazameni, watu wa kawaida huharibu mto. Mwaka 1975 maaskofu Wakatoliki wa eneo la Appalachia walitoa barua ya kichungaji juu ya watu wa milima hiyo wasio na nguvu mbele ya wenye makaa, wenye mbao na wenye mitaji. Hawakuwa wanazungumza juu ya trauti. Hata hivyo swali lao halijazeeka: utajiri wa milima hii ukiuzwa, mwenyeji wa milima abaki na nini? Zamani ulichukuliwa kwa mabehewa ya makaa na magogo. Leo unachukuliwa kwa upole zaidi, kwa kibao kidogo cha kukataza kupita.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Waongozaji wenyewe, kwa sehemu kubwa, si matajiri. Hulipwa kwa siku, na mvua ikijaza mto hawalipwi. Hupiga makasia saa nane ili mgeni asichoke. Ni walimu: humwinua jiwe mgeni akaona vijidudu wa majini walioshikamana chini yake, na humweleza kwamba pasipo vijidudu hao hapana samaki. Wao hutangulia kuona tope la ujenzi mpya, maji machafu yanayovuja, na miti mikubwa ya hemloki, iliyokuwa ikitia kivuli vijito, ikikauka kwa sababu ya mdudu mdogo aliyetoka Asia ya Mashariki na kugunduliwa katika hifadhi mwaka 2002. Kimbunga Helene kilipoipiga North Carolina ya magharibi mnamo Septemba 27, 2024, na kuua zaidi ya watu 100 katika jimbo hilo, mito iliyokuwa ikiwalisha waongozaji hao iligeuka na kubeba nyumba na barabara. Watu wa namna hiyo hatuwapigi vita. Tunawaomba wawe wakubwa kama kazi yao.

Tunawaomba nini? Wamwambie mgeni samaki wake ametoka wapi, kituoni au mtoni. Maji yakipata joto, wafunge kazi, hata kama mgeni amekwisha kulipa. Wasimcheke mwenye ndoo aliye na leseni. Na sauti waliyo nayo mbele ya matajiri, saa nane nzima ndani ya mashua moja, waitumie kuutetea mto: miti ya kivuli ipandwe, makaravati ya barabara yanayomzuia samaki kupanda yarekebishwe, na njia ya mtu wa kawaida kufika majini isifungwe.

Nanyi wapendwa wetu mnaoishi huko, tunawaomba mawili. La kwanza, msiende mtoni bila leseni na bila kusoma kibao. Kutojua hakutawaokoa mbele ya afisa, na kutawapa wenye dharau sababu ya dharau yao. La pili, msikubali kuaibishwa kwa kula. Samaki aliyeruhusiwa na sheria ni chakula halali, na aliyekwenda mtoni kutafuta chakula yuko karibu na Petro na Andrea kuliko aliyekwenda kutafuta picha.

Ipo siku moja katika mwaka inayotupendeza kuliko zote. Jumamosi ya kwanza ya Juni, katika ile mito ya North Carolina ya mavuno ya kuchelewesha, asubuhi mpaka kabla ya adhuhuri maji huachiwa watoto na vijana walio chini ya miaka 18 peke yao, na kila mmoja aweza kupeleka nyumbani samaki 7. Watu wazima, wenye waongozaji na wasio nao, husubiri ukingoni hadi saa sita mchana. Tunapendekeza kwa jumuiya zenu ndogo ndogo zilizo karibu na mito hiyo: chukueni watoto wenu siku hiyo, na wa majirani zenu pia, na mkimpata mwongozaji mwenye moyo wa kujitolea, mwombeni aje awafundishe asubuhi hiyo. Wafundishwe kusoma maji, kuua kwa haraka bila kutesa, kusafisha na kukaanga. Waambiwe pia habari za yule mwenyeji mdogo aliyejificha juu ya maporomoko, akingojea nafasi ya kurudi.